Mgombea wa Birika

Pale Hollinbrook, kaskazini ya Uingereza, nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, mtaa mzima kama treni iliyoharibikia njiani. Ukipiga chafya sebuleni, jirani anakuombea afya huku akiendelea na kazi zake. Mimi ukuta wangu nagawana na Wilf na Noreen Ormerod. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine yalinifikia kupitia matofali, na yaliyobaki Noreen alinimwagia mwenyewe tukinywa chai.

Wilf alifanya kazi katika kiwanda cha mazulia mpaka kiwanda kikafungwa. Alitoka na mgongo mbovu na maoni. Mgongo ulipata nafuu kwa dawa ya kuchua. Maoni hayakupata nafuu. Alikuwa na maoni juu ya simu: "Simu ni ya kupigia. Ikitaka kupiga picha, ikanunue kamera." Alikuwa na maoni juu ya serikali: "Siku hizi unaenda kung'oa jino, ukirudi unakuta waziri mkuu mwingine. Ganzi haijaisha mdomoni, mwenzako keshahama nyumba." Na juu ya gemu hakuwa na subira kabisa. Gemu, alisema, zimelemaza akili za nchi hii, zimemaliza wachezaji wa domino, na ipo siku Uingereza itavamiwa na hakuna atakayenyanyuka kwenye kochi.

Maneno hayo aliyasema akiwa amesimama nyuma ya kochi, na kwenye kochi hilo Noreen, mkewe, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa ameshika pedi ya kuchezea gemu mkononi na hedifoni kichwani, akiwaua watu.

Mashine ya gemu iliachwa na mtoto wao Graham alipohamia Kanada. Noreen aliigusa siku moja akifuta vumbi, ikawaka, na tangu hapo haikuzimika sana. Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita, wa kucheza kwa mtandao na watu wa dunia nzima, na Noreen, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepakulia viazi watoto mia nne kwa wakati mmoja bila hata mmoja kuruka foleni, aligundua kwamba kuongoza askari ni kazi ileile. Alikuwa na kikosi chake: mfugaji wa kondoo kutoka visiwa vya Faroe, mwalimu wa hesabu wa huko Chile, na mtu mmoja wa Uingereza aliyejiita Bundi Mvivu. Yeye mwenyewe jina lake lilikuwa Sindano, maana kati ya shambulio na shambulio alikuwa akifuma sweta. Sharti la kikosi lilikuwa moja: hakuna kuulizana jina la kweli wala mtu anakaa wapi.

"Tunapigana na nani leo?" Wilf angeuliza, akipita na chai mbele ya runinga.

"Wafaransa. Toka hapo, sioni."

"Umetaja Ulaya! Vyombo vyako."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba tangu ile kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya iliyogawa nchi, ambayo wao wawili walipiga tofauti: atakayetaja Ulaya kwanza anaosha vyombo.

"Nimetaja Wafaransa. Ulaya sijaitaja."

"Kwani Ufaransa iko wapi? Si iko Ulaya?"

"Haya, sasa umeitaja wewe. Sabuni iko chini ya sinki."

Na Wilf akaenda kuosha, akilalamika kwamba nchi hii haki imekwisha.

Basi, siku ya kuzaliwa ya Wilf, Graham alimtumia zawadi kutoka Kanada: birika la umeme la kisasa. Lilikuwa jeupe, limenyooka kama mtungi wa hospitali, na liliongea. Unaliamuru kwa simu ukiwa kitandani, ukishuka unakuta maji yamechemka. Noreen alilipenda mara moja, akalipeleka birika la zamani kwenye mnada wa kanisa. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Wilf hata alikiri mbele yangu kwamba pengine si kila kitu kipya ni upuuzi.

Asubuhi moja akabonyeza kitufe, na birika, kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu nyingi, likamjibu: "Samahani. Ninajisasisha. Tafadhali usinizime."

"Linafanya nini?" Wilf aliuliza.

"Linajisasisha," Noreen alisema. "Simu nazo hufanya hivyo."

"Lina nini la kusasisha? Maji yamebadilika?"

Walingoja. Lilipomaliza kujisasisha likataka neno la siri. Wakaliingizia neno la siri. Likataka Wilf akubaliane na masharti mapya. Sasa, Wilf ni mtu ambaye kiwandani hakutia sahihi kitu asichokisoma, na hakuwa tayari kuanza na birika. Alikaa mezani akasoma masharti yote kwenye simu, kwa miwani ya Noreen juu ya miwani yake, mpaka baada ya chakula cha mchana. Humo akakuta kwamba haruhusiwi kulitumia birika hilo kuendeshea ndege, na kwamba birika lina haki ya kujua yuko wapi.

"Niko jikoni!" alilipigia kelele. "Niko mbele yako!"

Akakataa kukubali. Birika, likiwa limekataliwa, likagoma kwa heshima: lilikubali kupasha maji mpaka uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto mchanga, halafu likajizima. Wilf alikuja kwangu na buli mkononi, kama mtu aliyeunguliwa na nyumba.

"Jirani," aliniambia, "naomba maji ya moto. Tumepata matatizo ya kidiplomasia."

Dukani alikolipeleka, kijana wa huduma kwa wateja alimuuliza kama amejaribu kulizima na kuliwasha. Wilf akamwambia kwamba amejaribu kulizima na kuliwasha na kulisihi. Kijana akamwambia tatizo si birika, tatizo ni kwamba yeye hajakubali. Hapo ndipo Wilf alipotoka nje, akafika sokoni mbele ya meza ya karoti, na kila kitu alichokuwa nacho kifuani kikatoka. Alisema juu ya birika, akasema juu ya mashine za kujilipia dukani zinazokwambia umeweka kitu kisichotarajiwa mahali pa mfuko, juu ya gari la binamu yake linalokataa kuwaka mpaka liongee na setilaiti, juu ya daktari anayetaka umpigie picha ya ukurutu wako badala ya kuuangalia. "Mimi sitaki makubwa!" alimaliza, huku ameshika karoti ya watu. "Kitufe kikibonyezwa, kitu kiwake! Basi!"

Mama mmoja alimrekodi. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umemwona Wilf na karoti yake, na watu waliokuwa hawajasalimiana tangu kura ile ya maoni walikuwa wanatumiana video hiyo na kuandika: huyu mzee anasema kweli.

Ilitokea kwamba siku zilezile diwani wa kata yetu alijiuzulu. Alihamia Hispania, akatuma taarifa ya kujiuzulu pamoja na picha ya miguu yake ufukweni. Uchaguzi mdogo ukatangazwa. Kule baa wakaanza kwa utani, wakamalizia kwa dhati, na Wilf akarudi nyumbani akiwa mgombea binafsi.

"Kwa sera gani?" Noreen alimuuliza, bila kuondoa macho kwenye runinga.

"Kitufe kikibonyezwa, kitu kiwake."

"Na mashimo ya barabarani?"

"Yatafuata."

Wagombea hapa hutundika ua la kitambaa kifuani, kila chama na rangi yake. Noreen alimfumia Wilf ua la sufu la rangi ya kahawia, maana hiyo ndiyo sufu iliyobaki, na lilikuwa kubwa kiasi kwamba kwa mbali ungedhani amebeba kuku. Mimi nilifanywa meneja wa kampeni kwa sababu nina mashine ya kuchapa. Kumbe mashine yangu nayo ina msimamo wake: ilikataa kuchapa kwa wino mweusi, uliokuwa umejaa tele, kwa kuwa wino wa bluu ulikuwa umekwisha. Baada ya kubishana nayo tukachapa vipeperushi vyote kwa manjano. Usingeweza kuvisoma isipokuwa ukisimama dirishani na kuviinamisha. Mtaa mzima ukawa umesimama madirishani umeinamisha karatasi, na wapinzani wakatuma mtu kuja kuchunguza kuna ujumbe gani wa siri.

Mpinzani alikuwa mmoja tu, lakini wa chama kikubwa: Tamsin Birtwell, dada wa miaka thelathini na kitu, anafanya kazi ofisi ya wakili. Vipeperushi vyake viling'aa. Kwenye picha alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole na ameamua kuwa mstaarabu. Baba yake alikuwa mtu mkubwa wa chama hicho wilayani, na kila alipokwenda Tamsin, baba alikuwa hatua moja nyuma, akimsogezea kola.

Nilizunguka na Wilf mlango kwa mlango, na lazima niseme ukweli: watu walimpenda. Kila swali alilijibu kwa kitufe.

"Msimamo wako kuhusu mapipa ya taka ni upi, Mzee Wilf?" aliulizwa.

"Pipa lina kifuniko. Ukikivuta kinafunguka, na hakikuulizi unaitwa nani. Mimi na pipa hatuna ugomvi."

Mwenye nyumba akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyefunuliwa jambo.

Mlango mwingine bwana mmoja mwenye mbwa wanne akataka kumtega. "Na silaha za nyuklia je? Uko upande gani?"

Wilf alifikiri. "Kile kitufe," akasema, "ndicho pekee ambacho ningependa kijisasishe kwanza. Kiombe neno la siri. Kisha kimpe waziri mkuu kurasa mia za masharti, azisome zote kwa sauti."

"Kura yangu unayo," yule bwana alisema. Mbwa nao walionekana kuridhika.

Kisha ukaja mdahalo. Ulifanyika ukumbi wa kanisa, mchana, watu kama thelathini na sahani za sandwichi. Noreen alikaa safu ya pili akifuma. Wilf aliongea kuhusu kitufe, akapigiwa makofi. Tamsin akainuka na karatasi zake na kuanza kusoma mambo ya chama kwa sauti nyembamba iliyobanwa, sauti ya tangazo la stesheni. Baba yake alikuwa akichezesha mdomo kwa kila neno. Katikati ya sentensi kipaza sauti kikakoroma, kikapiga mluzi, kikafa. Watu wakaanza kupiga kelele, sahani ikaanguka, bibi mmoja aliyedhani ni moto akaanza kupanda juu ya kiti.

Tamsin akaweka karatasi chini. "Tulieni," akasema, kwa sauti nyingine kabisa, nzito na tulivu. "Kaeni nyuma yangu. Polepole. Nitawatoa."

Sindano za Noreen zikasimama.

Alikuwa ameisikia sauti hiyo masikioni mwake kwa miaka miwili, chini ya mizinga, kwenye matope, ndani ya mabanda yanayowaka moto. Alikuwa amewahi kupigwa risasi kwenye daraja lililobomoka, kikosi kizima kimekimbia, na mwenye sauti hiyo akarudi, akambeba mgongoni kutoka mwanzo wa daraja mpaka mwisho, huku akisema hivyohivyo: polepole, nitakutoa. Tamsin Birtwell ndiye Bundi Mvivu.

Kesho yake Noreen alikuja kwangu, akafunga mlango wa jikoni.

"Unajua juzi aliniambia nini?" alisema. "Tulikuwa tumejificha ghalani, tunangoja risasi. Akaniambia, 'Kamanda, kuna jambo nimesukumwa kulifanya, na kila siku namwomba Mungu nishindwe.' Nilidhani mtihani wa udereva."

"Utamwambia Wilf?"

"Nikimwambia, kesho atasimama kwenye karoti atangaze kwamba mpinzani wake anaomba ashindwe. Na huyo ni askari wangu." Alikunywa chai yote kwa mkupuo. "Lakini Wilf naye ni mume wangu. Eh! Mbona kazi!"

Hakumwambia. Jioni ile akaingia kwenye mchezo kama kawaida. Walikuwa yeye na Bundi wakitambaa kwenye shamba la ngano, adui yuko karibu, ukimya mtupu, ndipo Wilf akaingia sebuleni akifoka.

"Noreen! Gundi iko wapi? Ua langu la kahawia limebanduka, na kesho naenda kusalimia wazee wa nyumba ya kulelea!"

Kisha Bundi Mvivu akauliza, kwa sauti ndogo, "Kamanda… huyo ni nani?"

"Ni mume wangu."

"Ana ua la kahawia?"

"Nililifuma mwenyewe."

Wote wawili walikuwa wamesimama wima katikati ya shamba bila kujua. Wakapigwa risasi.

"Nimekufa," alisema Tamsin.

"Hata mimi," alisema Noreen.

Ukifa katika mchezo ule unalala pale muda kabla ya kurudi, na hakuna anayekusumbua. Wakazungumza wakiwa wamekufa. Tamsin akamwambia kwamba baba yake ndiye alitaka, kwamba chama kilikosa mtu, kwamba akisimama mbele ya watu koo linakuwa kama kijiti cha kiberiti. Alisema Mzee Wilf ni mtu mzuri na angefurahi kushindwa naye.

"Hutaki kushinda hata kidogo?" Noreen aliuliza.

"Sitaki kuwa diwani mbovu, Kamanda. Ni tofauti."

"Ni tofauti kubwa," Noreen alisema. Wakakubaliana kwamba hakuna mmoja wao aliyesikia kitu, wakafufuka, wakaliteka shamba.

Siku ya kura kituo chetu kilikuwa saluni ya nywele, maana ukumbi wa kanisa ulikuwa na mvujo. Wilf alipiga kura yake akiwa amekaa kwenye kiti cha kukaushia nywele. Aliitazama penseli ya kupigia kura iliyofungwa kwa kamba, akaiinua juu tuione. "Hii ndiyo mashine," alisema. "Hakuna iliyowahi kuishinda." Msusi akamwomba asifanye kampeni ndani ya kituo. Noreen akaingia baada yake, akakaa humo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchagua kati ya watu wawili.

Kura zilihesabiwa asubuhi iliyofuata, kwenye ukumbi wa michezo wa shule. Mimi nilisimama na Wilf upande mmoja, Tamsin na baba yake upande wa pili. Wakahesabu. Msimamizi wa uchaguzi, mama mrefu mwenye mafua, akaangalia, akaagiza zihesabiwe tena. Wakahesabu tena. Zikawa zilezile: wamelingana, kura kwa kura.

Ikabaki karatasi moja yenye utata. Mpiga kura hakuweka alama yoyote. Alikuwa amechora birika, zuri sana, na moshi wake.

"Hilo ni birika," nilisema mimi, meneja wa kampeni. "Mgombea wa birika ni mmoja tu."

"Lakini mdomo wa birika umeingia kwenye kisanduku cha binti yangu," alisema baba yake Tamsin.

"Mdomo tu! Tumbo lote liko kwetu!"

"Maji hutokea mdomoni, bwana. Si tumboni."

Tuliinama juu ya ile karatasi kama madaktari. Msimamizi akapiga chafya, akaamua kwamba birika limekalia visanduku vyote viwili, kwa hiyo limeharibika.

"Hata la karatasi," Wilf alinong'ona.

Sheria inasema wakilingana wanapigiwa bahati nasibu. Msimamizi akaomba sarafu arushe. Tukajipapasa mifukoni. Wote tulikuwa na kadi, wote tulikuwa na simu, ukumbi mzima hakuna mwenye sarafu hata moja. Mtu akapendekeza turushe kadi ya benki, lakini mwingine akasema kadi haina kichwa. Mwishowe wakaandika majina mawili kwenye vipande vya karatasi, wakamwaga biskuti mezani, wakavitia ndani ya kopo. Msimamizi akafumba macho, akachomoa.

"Birtwell," akasoma.

Baba yake akapiga kelele ya furaha. Tamsin alikaa chini sakafuni, pale aliposimama. Wilf akavuka ukumbi, akampa mkono kumwinua.

"Hongera, binti yangu."

"Mzee Wilf," Tamsin alisema, akiwa bado ameushika ule mkono, "mimi nilikupigia kura wewe."

Wilf akacheka sana, akadhani ni adabu. Alirudi nyumbani akiwa si mwenye huzuni. Alikuwa amepigania jambo, amelingana na chama kizima, ameangushwa na kopo la biskuti, na hilo si jambo la kuonea aibu. Alikuwa anaeleza hivyo jikoni, pamoja na ile kura ambayo Tamsin alidai kumpigia, na mimi nimebeba mabango ya kampeni, Noreen aliposema, "Wilf, kaa."

Akakaa.

"Mimi sikukupigia. Nilimpigia yeye."

Sikujua nitazame wapi, nikatazama mabango. Wilf akainuka, akatoka kwenye kibustani cha nyuma, akasimama mbele ya kabichi zake akiwa bado amevaa ua. Noreen hakumfuata. Aliporudi uso wake ulikuwa mwekundu.

"Ungenipigia ningeshinda."

"Yeye angejipigia angeshinda yeye. Nimekwisha fanya hesabu."

"Kwa nini, Noreen? Miaka yote hii?"

Akamweleza. Akamweleza Bundi Mvivu, na ghala, na daraja, na kubebwa mgongoni. "Wewe nakujua, mzee wangu," alisema. "Ungekwenda mkutano wa kwanza, ungesema kitufe, wangekuuliza bajeti ya maktaba, ungesema kitufe. Mwezi wa pili ungekosana nao wote, ungerudi hapa uniongelee mimi. Yule nimemwona kwenye risasi. Hamwachi mtu nyuma. Mimi nataka diwani wa namna hiyo, hata kama si yeye ninayempikia chakula."

"Umemchagua diwani kwa gemu."

"Na wewe uligombea kwa birika."

Baadaye nilimsikia Wilf baa akisimulia, na tayari ilikuwa imegeuka kuwa sifa: "Nilipata kura ya adui, nikakosa ya mke! Nani kati yenu amewahi?" Hakuna aliyewahi.

Lakini lilimkera kwamba kuna mahali mkewe alijifunza kuwajua watu, na yeye hajawahi kufika. Alhamisi moja jioni nikamsikia kupitia ukuta akisema, "Haya, nipe hiyo pedi." Nikaenda kuona. Sikuweza kukosa.

Noreen alimvalisha hedifoni, akamwonyesha vitufe. Wilf aliingia vitani akitazama mawingu. Alitembea kinyumenyume hadi ukutani. Akazunguka nyumba moja mara kadhaa akitafuta mlango. Kisha akaliona lile daraja lililobomoka, na ng'ambo yake maadui watano wakiwa na bunduki.

"Jifiche!" Noreen alisema. "Lala chini!"

Wilf hakulala chini. Aliliendea daraja, bunduki imeelekea juu, akasimama ukingoni akalichungulia. "Samahani, jamani!" aliwaita maadui kwa kipaza sauti. "Hili daraja limevunjika tangu lini?"

Maadui wakamtazama. Mmoja, aliyesikika kama mtu wa makamo anayekula kitu, akajibu, "Tangu mwanzo wa mchezo. Miaka minne hivi."

"Miaka minne! Na mnapita hapo kila siku?"

"Tunaruka."

"Na mwenye magongo je? Mama mwenye kigari cha mtoto?"

"Hilo hatujawahi kulifikiria," alisema adui mwingine, mwanamke. Mfugaji wa kondoo kutoka Faroe akatoka kichakani kuja kusikiliza. Akasema kwao daraja kama hilo lingetengenezwa kabla ya majira ya kunyoa. Mwalimu wa Chile akasema kwao ingeundwa kamati. Bunduki zikateremka. Mwenye kula akaeleza kwa kirefu mambo ya barabara ya mtaani kwao, na Wilf akamsikiliza huku akisema, "Eh! Wewe! Hebu rudia," akiwa ameegemea mbele kwenye kochi na macho yamemtoka kwa raha.

"Nani diwani wa hapa?" aliuliza mwishowe. "Nataka nizungumze naye."

"Ni mimi, Mzee Wilf," Bundi Mvivu alisema nyuma yake. "Lakini hili liko nje ya kata."

Hapo mtu wa timu nyingine, ambaye hakuwa kwenye mazungumzo, akatokea juu ya kilima na kuwaua wote.

Sasa ni mwaka umepita. Tamsin anaendelea na udiwani. Bado koo linamkauka mbele ya watu, lakini basi la kwenda hospitali limerudishwa, na baba yake ameacha kumsogezea kola. Wilf anacheza kila Alhamisi. Hajawahi kumpiga mtu risasi hata moja. Ameuawa mara nyingi kuliko mtu yeyote katika kikosi, kwa kawaida katikati ya sentensi, na kuna watu wa nchi za mbali wanaoingia mchezoni siku hiyo ili wamsikilize tu. Juzi nilimuuliza kama amebadili maoni yake kuhusu gemu.

"Hata kidogo," alinijibu. "Zinaharibu akili. Ila kuna watu wa maana sana mle ndani, jirani, na wengi wao hawajapata mtu wa kuzungumza naye."

Noreen, nyuma yake, akaongeza sauti ya runinga.